Shajara ya mradi: kipozeo cha maji cha Ryzen 9, Kisumu

Jumatatu

Mashine imeingia mezani. Prosesa ya AMD, Ryzen 9 7900X, kwenye soketi ya AM5, RAM gigabaiti 64, kadi ya picha RTX 4070 ya feni tatu yenye urefu wa milimita 320, kasha la wastani lenye kioo ubavuni. Mwenyewe ni msanifu majengo, ofisi yake iko Milimani na dirisha linatazama magharibi. Anarenda picha za nyumba, yaani anageuza michoro kuwa picha kamili, kwa programu ya Corona. Malalamiko yake ni mawili: ikifika saa nane mchana mashine inanguruma kama kinu cha posho mbele ya wateja, na picha iliyotoka upesi asubuhi inajikokota mchana.

Bajeti ni shilingi 25,000 bila ufundi. Ombi lake nalinukuu: "Fundi, niwekee ya maji, ile kubwa kabisa, tumalizane." Nikamwambia, madam, niachie mashine kwanza niipime, kubwa kabisa haitakimbia.

Kwa asiyeijua Corona: hairendi kwa kadi ya picha. Kazi yote ni ya prosesa, viini vyake 12, yaani vitengo vyake vya kufanyia hesabu, vikikimbia kwa pamoja saa baada ya saa. Mtu wa michezo haoni hali hii, kwa sababu mchezo huigusa prosesa kwa vipindi na mzigo mkubwa huachiwa kadi. Kwa hiyo ushauri mwingi ulioko juu ya vipozeo, ambao umeandikiwa watu wa michezo, hapa unapita kando.

Jumanne mchana

Joto la chumba: nyuzi 31. Hiyo naiandika kabla ya nyingine zote, maana wanaopima vipozeo kule Ulaya na Marekani hupimia kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Kipozeo, kiwe cha hewa au cha maji, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda kumi. Ukisoma kwamba kipozeo fulani kiliiacha prosesa kwenye 75, mchana wa Kisumu soma 85.

Kuna na mwinuko. Ziwa linatudanganya tujione tuko chini, kumbe Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 hivi. Feni inasukuma ujazo uleule, ila ujazo huo unabeba joto pungufu. Wenzetu wa Nakuru, walio karibu mita 1,850, wanapoteza kama asilimia 20, ingawa baridi yao inawafidia na chenji inabaki.

Nikawasha Cinebench R23, jaribio la dakika kumi la kuitwisha prosesa mzigo kamili, huku HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati, ikiwa wazi pembeni. Kipozeo alichouziwa nacho ni cha hewa, mnara mdogo wa feni moja. Dakika moja haijakatika, joto limegonga 95 na likaganda hapohapo. Wengi wakiona 95 wanazima mashine kwa hofu. AMD iliiunda 7900X ifike nyuzi 95 ndipo ijipunguzie mwendo yenyewe, kwa hiyo namba hiyo peke yake haikuambii kama kipozeo ni kizuri au kibaya. Kipozeo kikali na kipozeo dhaifu vyote vinaweza kukuonyesha 95. Cha kutazama ni wati. Kwenye karatasi TDP ya prosesa hii, yaani kadirio la mtengenezaji la joto la kupozwa, ni wati 170, lakini umeme inaoruhusiwa kuvuta kwenye soketi ni hadi wati 230. Hii yetu ilianza karibu na 200, ikateremka, ikatulia kwenye 150 na ushee. Mwenye mashine amelipia prosesa ya wati 230, mchana anatumia ya 150, na feni inalia muda wote huo.

Jumanne jioni

Kabla ya kumtoa mtu pesa huwa najaribu kilicho bure. Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, nikawasha Eco Mode, hali ya kubana umeme, ya wati 105. Hiyo 105 ni TDP tena. Umeme wenyewe unaishia 142. Kwa kipozeo kilekile kidogo, chumba kikiwa bado na nyuzi 30, joto likashuka hadi 87, na alama za Cinebench zikabaki karibu palepale. Nikachukua faili yake moja ya Corona, nyumba ya ghorofa yenye kioo kingi, inayomchukua kama saa nzima. Ukilinganisha na asubuhi yenye baridi bila kizuizi, iliongezeka dakika tatu au nne.

Wati hizi za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Kutoka 142 hadi 230 unaongeza zaidi ya nusu ya joto na unaambulia mwendo kidogo sana. Kuanzia hapa namtafutia kipozeo cha wati 142 kwenye chumba cha nyuzi 31, na ile 230 ya kwenye karatasi naiacha kwenye karatasi.

Jumatano

Swali ambalo lazima fundi mwaminifu ajiulize: kama ni wati 142, maji ya nini? Mnara mzuri wa pande mbili wenye feni mbili unazimudu. Nilianzia huko. Noctua NH-D15 ina kimo cha milimita 165 na kasha hili linaishia 160, hapana. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina 155, inaingia, na bei yake ingeacha zaidi ya nusu ya bajeti. Nilishaanza kuandika "hewa, tumemaliza".

Kilichonigeuza ni gari. Madam huibeba mashine hii kwenye buti kwenda kuwaonyesha wateja Kakamega, Bungoma, wakati mwingine ndani kabisa Siaya ambako lami inakuaga mapema. Minara mikubwa ya pande mbili ina uzito wa kilo moja na zaidi. Ile Noctua na feni zake ni kilo 1.32. Chuma hicho kinaning'inia kwenye ubao mama kupitia skrubu chache, na kila tuta unalolipita kinavuta. Kipozeo cha maji kinaweka pampu ndogo tu juu ya prosesa, uzito wa rejeta, sehemu ambako feni hupoza maji, unabebwa na bati la kasha. Kwa mashine inayokaa mezani mwaka mzima ningemuuzia mnara na kumrudishia chenji. Kwa hii inayosafiri, maji yameshinda kwa hoja ya barabara.

Kijana wangu wa karakana alikuwa na mpango wake. "Mkubwa, kwa nini tusijenge wenyewe? Rejeta tunatoa kwa jua kali, pampu tunanunua, maji ziwa zima hili hapa." Nilimpa jibu refu kwa sababu swali si la kijinga. Rejeta nyingi za magari siku hizi ni aluminiamu. Kibao kinachokaa juu ya prosesa ni shaba. Ukiunganisha metali hizo mbili ndani ya maji mamoja umetengeneza betri, na anayeliwa ni aluminiamu, polepole, hadi unga mweupe uzibe njia nyembamba za kibao. Na ya ziwa, hata ya mfereji, yanakuja na chumvi na viumbe. Mfumo wa kujijengea unataka maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Bado hujanunua viungio vya mipira, ambavyo ukikosa kimoja Kisumu unangoja basi la Nairobi. Na bajeti yote ingeishia kwenye kibao na pampu. Kijana akasema basi atajenga yake siku akioa. Sawa.

Alhamisi

Siku ya rula. Watu huchagua rejeta kwa urefu, milimita 240, 280 au 360, wakasahau unene.

Kwanza eneo. Ya 240 inabeba feni mbili za milimita 120, sawa na sentimita za mraba 288. Ya 280 ina feni mbili za 140, sentimita 392. Ya 360 ina tatu za 120, sentimita 432. Kuruka kutoka 240 hadi 280 unapata zaidi ya theluthi. Kutoka 280 hadi 360 unaongeza kumi kwa mia tu. Jina 360 linatisha kuliko kazi yake.

Sasa unene. Rejeta nyingi zina milimita 27, ongeza feni 25, jumla 52. Arctic Liquid Freezer III, inayosifiwa sana tangu itoke 2024, ina rejeta ya milimita 38, na feni zake inakuwa 63. Nimepima dari ya kasha hadi ncha ya RAM: 58. Mbele, kasha linaruhusu kadi ya picha ya milimita 380 pasipo rejeta. Ukitoa 63 unabaki na 317, na kadi yetu ni 320. Milimita tatu zimeitoa Arctic nje, juu na mbele. Inauma, maana kwa bei yake sioni mshindani.

Zimebaki mbili: 360 nyembamba kwa mbele, au 280 nyembamba kwa juu. Nikafungua uso wa kasha kupima matundu ya skrubu, na hapo nikakutana na wenyeji. Kichujio cha mbele kimefunikwa na zulia la vidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kama moshi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama, vikafuata taa za mjini. Vilivyokufa vimeshikana na vumbi vikawa kama blanketi jembamba la kijivu, ukikigusa kwa kidole linabanduka kipande kizima, na harufu yake ni ya dagaa waliosahaulika. Vingine vilivyo vidogo vilipenya matundu vikakwama kwenye mabawa ya feni.

Hilo limenisaidia kuliko jedwali lolote. Ukiweka rejeta mbele, hewa yote ya nje inapita kwanza kwenye mapezi yake, ambayo ni membamba na yamesongamana, na kila kilichopenya kichujio kitaishia humo, mahali ambapo brashi haifiki bila kufungua kila kitu. Ukiiweka juu, feni za mbele zinabaki nyuma ya kichujio unachokitoa kwa sekunde na kukisuuza, na rejeta inapata hewa iliyokwisha kuchujwa.

Hoja ya upande wa pili naijua: rejeta ya juu inapuliziwa joto la kadi ya picha. Kwa mchezaji ni hoja nzito, kwa kuwa RTX 4070 inatoa hadi wati 200 wakati prosesa nayo inafanya kazi. Lakini Corona ikirenda, kadi imelala. Prosesa na kadi hazipandi pamoja kwenye ofisi hii. Hoja imeanguka.

Kwa hiyo: 280, unene 27, juu, ikitoa hewa nje.

Ijumaa

Kuitafuta. Hapa mjini, madukani Oginga Odinga Street, nilizipata 240 na 360. Ya 280 hakuna, na muuzaji mmoja akanihakikishia kwamba 280 na 240 "ni kitu kimoja". Mwingine alikuwa na 360 iliyotumika, ya kutoka ng'ambo, kwa bei ya kutupwa. Nilimwomba niishike. Niliiinua upande mmoja, kisha mwingine, sikio karibu na rejeta. Kipozeo kipya nacho kina hewa kidogo ndani, utasikia mlio mfupi. Hiki kilikuwa na maji yanayokimbia kutoka mwisho hadi mwisho kama chupa iliyofika nusu. Hakijavuja popote, maji hupenya taratibu kupitia kuta za mipira yenyewe, mwaka hadi mwaka, na vingi havina mahali pa kuongezea. Nilikirudisha kwa heshima. Kipozeo cha hewa kilichotumika nanunua nimefumba macho. Cha maji, hapana.

Nairobi ipo. Nimelipa kwa M-Pesa, mzigo unapanda basi la usiku.

Jumamosi

Umefika. Kijana amefungua sanduku, nami nimeshika kalamu.

AM5 ni rahisi kwa fundi kuliko AM4, soketi ya AMD iliyoitangulia. Kule ukilegeza skrubu za vishikio, bati la nyuma ya ubao linaanguka na unabaki ukilisaka kwa mkono wa pili. Hapa bati limeshikwa na soketi yenyewe. Na ukivuta kipozeo cha zamani, prosesa haing'oki nacho, kwa kuwa imefungiwa chini ya fremu ya chuma. Kwenye AM4 nimewaona mafundi wakitoka na prosesa imegandia chini ya mnara, pini zikitazama juu. Hata hivyo tuliiendesha mashine dakika chache kabla ya kufungua ili pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, ilainike.

Kipande kimoja kidogo kwenye sanduku nilikifurahia: vishikio vyenye matundu mawili, la katikati na la kusogeza chini. Ndani ya 7900X viini havikai katikati. Viko kwenye vipande viwili, kila kimoja takriban milimita za mraba 70, vimesogea upande wa chini wa soketi, na kati yao na pampu kuna kifuniko kinene cha chuma ambacho AMD iliacha hivyo ili vipozeo vya AM4 viendelee kutoshea. Joto linabanana kwenye vipande hivyo kabla halijayaona maji. Ndiyo sababu rejeta ikishafika ukubwa fulani, kuongeza nyingine hakusaidii. Foleni iko mlangoni, si barabarani. Tukatumia matundu ya kusogeza chini, pampu ikalenga pale joto lilipo.

Pesti tumepaka na kusambaza kwa kadi ya plastiki. Karatasi ya kinga ya kibao tumeibandua, nimeiona kwa macho yangu iko mezani. Skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama tairi la gari. Rejeta juu, kwa hiyo hewa iliyomo ndani itapanda kwenye tangi la rejeta na pampu itabaki chini kwenye maji. Hilo ndilo la lazima katika vipozeo hivi: pampu isiwe kilele cha mfumo.

Waya wa pampu umeingia kwenye soketi yake ya ubao mama na nimeifunga BIOS iupe nguvu kamili muda wote. Feni ndizo za kupanda na kushuka, na nimezichelewesha ziongeze mwendo kwa utaratibu. Joto la prosesa linaruka nyuzi kumi kwa kufungua programu tu, lakini maji hayajali mrukoruko huo, yanachukua dakika kadhaa kupata joto. Feni inayofuata kila mruko inapiga kelele za bure.

Ilipowashwa, pampu ilibwabwaja kidogo. Tukaliegemeza kasha nyuma, kisha mbele, likatulia.

Jumapili mchana

Nimekuja karakana baada ya ibada kwa sababu nataka joto la mchana. Chumba 31 tena.

Eco 105, Cinebench dakika kumi: 74, wati zimesimama 142 bila kuteremka. Feni unazisikia ukizitafuta. Kisha ile nyumba ya kioo kwenye Corona: muda ni ule alioupata asubuhi ya baridi kwa kipozeo cha zamani, ukiongeza hizo dakika chache nilizozitaja. Tofauti ni kwamba sasa saa tisa alasiri ni sawa na saa mbili asubuhi.

Kwa udadisi nimeondoa Eco. Wati 225 na zaidi, joto 94, feni juu kabisa. Inaweza, basi. Lakini kelele zimerudi na faida ni zile dakika tatu nne. Nimerudisha Eco.

Stima ilipotea katikati ya jaribio la pili na kijana akashtuka, akauliza kama prosesa itaungua maji yakisimama. Vyote vimezimika pamoja, prosesa haitoi joto bila umeme. Kilichopotea ni picha iliyokuwa ikirendwa, na hiyo ni kazi ya UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea.

Jumatatu

Nimeirudisha Milimani. Maswali ya madam yalikuwa mazuri.

"Fundi, maji yakimwagika juu ya hiyo kadi ya bei?" Nikamweleza kwamba mfumo umefungwa kiwandani, kuvuja hutokea lakini ni nadra, na kinachoua vipozeo hivi mara nyingi ni pampu kuchoka au maji kupungua. Dalili ni joto kupanda mwezi baada ya mwezi kwa kazi ileile, au pampu kuanza kubwabwaja tena.

"Na ile ya Intel, i9, si ingekuwa bora?" Hiyo i9, ile ya 14900K, inaruhusiwa wati 253, na mwaka 2024 Intel yenyewe ililazimika kutoa marekebisho ya BIOS kwa sababu ya volteji za juu zilizokuwa zikidhuru prosesa za kizazi cha 13 na 14, ikaongeza na miaka miwili ya dhamana. Nikamwambia kwa chumba hiki, abaki alipo.

Maagizo niliyomwachia, nimeyabandika ndani ya mlango wa kasha: safarini mashine ilale ubavu, kioo juu, ili kadi ya picha isimame badala ya kuning'inia. Ikifika, isimamishwe wima dakika chache kabla ya kuwashwa, hewa irudi juu. Kichujio cha mbele kisuuzwe kila vidudu vikipita, na kirudishwe kikiwa kikavu. Dirisha akilifunga jioni kwa sababu ya vidudu, afungue mlango. Rejeta inalitoa joto kwenye kasha, haliondoi ofisini.

Kati ya 25,000 imebaki chenji ya kutosha UPS ndogo ya mitumba yenye betri mpya, naitafuta wiki hii. Mnara wa zamani umeingia kwenye kompyuta ya mapokezi, Ryzen 5 ya AM4, ambako wati zake unaziweza.